Injini ndogo ya mvuke iliyofika Lubumbashi ikiwa imevunjika

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaona watu wakipokea mizigo iliyoharibika safarini na kufanya mambo yale yale: kunyoosha kilichopinda, kufuta kilichochafuka, kutupa katoni, na baada ya hapo kuanza kumtafuta wa kumlaumu. Ninaandika haya kwa ajili ya wale wachache wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaoagiza vitu vya kale vya chuma na shaba kutoka Ulaya, kwa kuwa injini iliyonifikia mwaka huu ikiwa imeumia imenithibitishia kwamba kitu kilichoharibika kinapaswa kuachwa kama kilivyo hadi kisomwe chote, na kwamba haraka ya kukitengeneza hupoteza haki ya kudai na mara nyingine hupoteza kitu chenyewe.

Injini hiyo ni ya kuchezea, ya ukubwa wa kukaa mezani, na ilitengenezwa na kiwanda cha Gebrüder Bing cha Nürnberg, Ujerumani. Kwenye bamba lake dogo zimeandikwa herufi GBN, ambazo kiwanda hicho kiliacha kuzitumia baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilipochukua alama ya BW, na chenyewe kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Boila yake ni ya shaba ya njano, imelazwa juu ya jiko la bati lililochorwa matofali. Ubavuni kuna silinda moja, gurudumu zito la chuma cha kusubu lenye njiti nyekundu, vali ya usalama, filimbi, na kioo chembamba cha kuonyesha kimo cha maji. Nyuma husimama dohani ndefu ya bati, nayo pia imepakwa rangi ya matofali. Wanaoniuliza kwa nini mtu wa mji wa shaba ahangaike na kichezeo cha Wajerumani huwa ninawajibu kwamba mji wenyewe ulikuja na mvuke: reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini kupitia Sakania, tanuru likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na marehemu babu yangu aliwalisha watoto wake kwa mshahara wa kutia makaa kwenye treni.

Mzigo ulisafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, ukapanda lori kupitia Tunduma na Nakonde, ukashuka Zambia hadi mkoa wa Copperbelt, na kuingia kwetu Kongo kwenye mpaka wa Kasumbalesa. Yeyote aliyewahi kuipita njia hiyo anajua mitikisiko yake, foleni zake, na idadi ya mara ambazo mzigo mdogo huteremshwa ili mkubwa upite. Katoni ilipoletwa mbele yangu kwenye ghala la msafirishaji, kona yake moja ya chini ilikuwa imebonyea hadi ndani na utepe wa kufungia ulikuwa umechanika upande huo huo. Kijana wa kaunta alinisogezea hati na kalamu.

“Papa, weka sahihi kwanza, utaangalia nyumbani.”

Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Sahihi isiyo na maneno mengine inasema kwamba umepokea mzigo ukiwa mzima, na kuanzia hapo wewe ndiwe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwa mzima. Niliichukua kalamu, nikaandika juu ya mstari wa sahihi kwamba kona ya chini imebonyea na utepe umekatika, kwamba yaliyomo hayajakaguliwa, na nikaweka saa na tarehe. Kisha nikazipiga picha pande zote sita za katoni ikiwa bado imefungwa, pamoja na karatasi ya anwani. Kijana hakufurahi, lakini hakukataa. Maneno ya jumla kama “napokea kwa tahadhari” hayana uzito mkubwa. Kinachosaidia ni kutaja kilichoonekana, mahali kilipo na hali yake.

Wengi wetu hudhani kwamba mambo haya hayana sheria hapa kwetu. Zipo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, na jumuiya hiyo ina sheria ya pamoja ya usafirishaji wa mizigo kwa barabara, iliyopitishwa Yaoundé mwaka 2003, inayohusu pia safari ya kuvuka mpaka ikiwa nchi moja kati ya ile mzigo unakotoka na ile unakofikia ni mwanachama. Kwa madhara yanayoonekana, taarifa ya maandishi hutakiwa kumfikia msafirishaji si zaidi ya siku ya kwanza ya kazi baada ya kukabidhiwa mzigo. Kwa madhara yaliyojificha, ndani ya siku 7. Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha fidia kuwa franki za CFA 5,000 kwa kila kilo ya uzito wa mzigo na kifungashio chake. Katoni yangu ilikuwa na kilo 6, maana yake franki 30,000, ambazo kwa kiwango kisichobadilika cha fedha hiyo ni yuro 45 na kidogo, iwe ndani mna injini yenye umri wa miaka 100 au mna misumari. Kikomo hicho huipisha thamani ya mzigo ikiwa mtumaji aliiandika kwenye hati ya usafirishaji yenyewe. Ankara uliyoionyesha forodha haihesabiki hapo, na nimewasikia watu wazima, wenye biashara zao, wakigombana kaunta kwa kuchanganya karatasi hizo mbili.

Nyumbani nilitandika shuka jeupe mezani kabla ya kukata utepe. Shuka hilo si la urembo: vipande vidogo vya rangi na vigae vya kioo huanguka unapofungua, na kila kimoja kina mahali pake pa kurudi. Muuzaji alikuwa ameizungushia injini plastiki yenye malengelenge, akaiweka katikati ya vipande vyepesi vya povu, akajaza katoni hadi juu. Kwa macho mzigo unaonekana umelala salama, lakini kitu kizito kikitikiswa kati ya vipande vyepesi huzama, vipande vikapanda juu yake, na kufikia nusu ya safari chuma kimeshagusa katoni upande wa chini. Nilipotoa povu la juu niliikuta injini imekaa kwenye kona ile ile iliyobonyea, dohani ikiwa imekunjika karibu na shina lake, bomba la mvuke limeng’oka palipolehemiwa kwenye boila, kioo cha maji kimevunjika vipande vitatu, mhimili wa gurudumu umepinda, na njiti moja ya gurudumu imeachana. Kichwa cha boila kilikuwa kimebonyea kidogo, upana wa ukucha wa kidole gumba. Taa ya spiriti, ile ya kuchemshia maji ya boila, haikuwemo kabisa.

Nilitamani sana kuinyoosha dohani palepale. Bati hilo ni jembamba na lilikuwa limeinama kwa namna ya kuomba mkono. Lakini mkunjo wake ulikuwa ushahidi: ulielekea kona ile ile ya katoni, jambo lililoonyesha kwamba pigo lilikuwa moja na kwamba lilitoka nje kwenda ndani. Kama ningeinyoosha kwanza, picha zangu zingebaki za dohani iliyochakaa tu, na nani angejua ilichakaa lini.

Njiti iliyovunjika ndiyo iliyonichukulia muda mrefu zaidi. Niliisogeza taa, nikachukua lenzi. Chuma cha kusubu kikivunjika leo, uso wa mvunjiko huwa wa kijivu, mkavu, wenye chembe ndogo zinazometa. Kikiwa kilipasuka zamani, ufa hunyonya mafuta na unyevu na kugeuka kahawia au mweusi. Uso wa njiti yangu ulikuwa na rangi mbili. Theluthi mbili, upande wa nje, zilikuwa kijivu safi. Theluthi iliyobaki, upande wa ndani ambao picha za muuzaji hazikuufikia, ilikuwa kahawia, na nilipoigusa kwa ncha ya pamba pamba ilitoka na alama ya mafuta ya zamani. Kwa maneno mengine, gurudumu lilikuwa na ufa kabla halijatoka Ulaya, pengine kwa miaka mingi, na safari ilimalizia tu.

Shemeji yangu, ambaye ni wakala wa forodha na amewaandikia watu barua nyingi za madai, aliitazama picha hiyo kwenye simu yangu akacheka.

“Shemeji, hayo ya ufa wa zamani usiyaandike. Wao hawatatazama na lenzi.”

Niliyaandika, na katika aya ya kwanza. Sikufanya hivyo kwa utakatifu. Barua ya madai inayotaja jambo lisilomfaa mwenyewe husomwa kwa makini zaidi katika yale mengine, na ile inayogundulika kuficha jambo moja hutiliwa shaka yote. Zaidi ya hapo, lile gurudumu lingevunjika siku moja mikononi mwangu likiwa linazunguka, na sikuona sababu ya kumdai dereva wa lori kwa ufa ambao huenda ni mkubwa kuliko baba yake.

Msafirishaji alijibu kwamba mzigo haukufungwa ipasavyo, na kwamba sheria inamwondolea wajibu panapokuwa na kasoro ya kifungashio. Marafiki walinitaka niendelee kumbana, lakini kwa maoni yangu alikuwa na haki. Katoni moja, bila katoni ya pili nje yake, bila kitu kigumu cha kuizuia injini isizame, kwa safari kama ile, ni kasoro ambayo hata picha zangu mwenyewe ziliithibitisha. Nilimgeukia muuzaji, nikamtumia picha zile zile na maelezo yale yale, pamoja na picha ya njiti. Alirudisha sehemu ya bei kwa ajili ya dohani, bomba, kioo na kichwa cha boila, akakataa kulipia gurudumu kwa kuwa hakuujua ufa huo, nami nikakubali.

Baada ya hapo tu ndipo nilipompelekea injini mzee mmoja wa Kamalondo, mstaafu wa karakana ya reli, mwenye mashine ndogo ya kuchongea chuma nyuma ya nyumba yake. Aliigeuza mkononi kwa adabu, akapuliza kwenye bomba la silinda, akausikiliza mlio wa pumzi yake ikitoka upande wa pili. Silinda ilikuwa nzima. Tulitofautiana mara moja kuhusu boila. Yeye alitaka kuitoa mbonyeo, kulehemu kila mshono upya kwa fedha, na kuwasha moto.

“Mwanangu, mashine isiyozunguka ni sufuria.”

Hoja yangu ilikuwa hii. Shaba ya njano iliyobonyea huwa imekuwa ngumu mahali pale, na kuirudisha nyuma bila kuilainisha kwa moto ni kuikaribisha ipasuke. Kuilainisha kunahitaji joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, wakati mishono ya boila hizi imelehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi ambao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Ili kuondoa mbonyeo wa upana wa ukucha ingebidi boila ifumuliwe yote, rangi yake ya zamani iungue, na kinachobaki kiwe boila mpya yenye shaba ya zamani. Halafu kuna presha. Vichezeo hivi hufanya kazi kwenye kiasi cha baa 1.5 (baa ni kipimo cha presha), si nyingi, lakini mvuke uliofungiwa katika chombo chenye kichwa kilichobonyea na mishono isiyojulikana hali yake si wa kuwekwa mezani mbele ya watoto. Wanaotaka kuwasha boila iliyotengenezwa hupaswa kwanza kuijaza maji baridi kabisa, bila hewa, na kuipima kwa pampu hadi mara mbili ya presha ya kazi, kwa kuwa maji hayabanwi na boila ikishindwa hutoa mchirizi tu bila kulipuka. Mimi sikutaka hata kufika huko. Mbonyeo umebaki.

Mzee alinyamaza, kisha akapendekeza njia ambayo sikuitarajia kwa mtu wa makaa: tuiache boila, tulete hewa moja kwa moja kwenye bomba la silinda. Alimwita jirani yake wa kwado, yaani fundi wa kuziba pancha, mwenye kompresa ya kujazia magurudumu, wakaongeza kidude cha kupunguza presha, na kwa nusu baa tu, pamoja na matone machache ya mafuta mepesi, silinda ilianza kupiga taratibu, ingawa wakati huo gurudumu lilikuwa bado limetolewa na ilibidi asukume kwa kidole ili ipite mahali inapokwama.

Mhimili aliunyoosha bila moto, kwa kuubana kidogo kidogo kati ya vipande vya mbao ngumu na kuuviringisha juu ya kioo cha dirisha baada ya kila mbano. Panapopita mwanga chini yake ndipo palipo na kosa. Alikataa nyundo kabisa, na nilimpenda kwa hilo. Bomba la mvuke tulilirudisha kwa risasi ya kulehemu ya kawaida huku mshono wa jirani umefungwa kitambaa kilicholoa ili joto lisiufikie. Kwa dohani alichonga kijiti cha mninga, akakiingiza ndani na kulisukuma bati kutoka ndani kwenda nje hadi rangi ilipoanza kuonyesha nyufa, akaacha hapo. Imesimama, lakini ukiitazama kwa upande utaona kwamba imeinama. Kwa jicho langu inafaa kubaki hivyo.

Kuhusu gurudumu tulibishana tena. Alitaka kuiunga njiti kwa shaba na moto mkali, kazi aliyoifanya miaka mingi kwenye vyuma vya treni, na sina shaka angeiweza. Lakini gurudumu lenye njiti ni gumu kulitia moto upande mmoja tu: sehemu yenye joto hutanuka, zile baridi huizuia, na likipoa hupasuka njiti nyingine, na kulitia moto lote ni kuipoteza rangi nyekundu. Nilichagua gundi ngumu ya sehemu mbili pamoja na kibamba chembamba cha shaba kwa nyuma, ambavyo mtu mwingine baada yangu anaweza kuviondoa kwa joto dogo. Gurudumu la namna hiyo halifai kukimbizwa, na kwa nusu baa halikimbii.

Niongeze neno kuhusu usafi, maana ndugu na jamaa walikuwa tayari na ndimu, majivu, na chupa za dawa ya kung’arishia. Ndimu huila zinki iliyo kwenye uso wa shaba ya njano na kuuacha na rangi ya waridi. Dawa zenye amonia ni mbaya zaidi kwa chombo kilichogongwa: shaba ya njano yenye msongo ndani yake hupasuka yenyewe ikikutana na amonia, jambo ambalo jeshi la Uingereza lilijifunza huko India pale maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipokuwa yakipasuka kila msimu wa mvua, kwa sababu ya mvuke wa mikojo. Boila yangu imepanguswa kwa kitambaa laini na mafuta mepesi, basi. Na kama chini ya boila ya namna hii utakuta kitu cheupe cha nyuzinyuzi, usikikwangue wala kukipuliza. Injini nyingi za zamani zilikingwa joto kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo kiloweshe kwanza na ukiache mahali pake.

Kioo cha maji tulikikata kutoka kwenye mrija wa maabara wa unene unaolingana, tukalainisha ncha zake kwa moto. Vipande vya kile cha zamani vimo kwenye bahasha, pamoja na chembe za rangi ya dohani, kila bahasha na maelezo yake.

Muuzaji ameipata taa ya spiriti kwenye rafu yake na atanitumia. Safari hii nimemwandikia maagizo kwa urefu: taa ikaushwe kabisa na isiwe na harufu ya spiriti, ifungwe kwenye kasha dogo la mbao lenye sponji ngumu iliyokatwa kwa umbo lake, isiweze kusogea hata ukiligeuza juu chini, kasha liwekwe ndani ya katoni kubwa zaidi lenye nafasi ya vidole vinne kila upande, nafasi hiyo ijazwe kitu kisichozama, na thamani iandikwe kwenye hati ya msafirishaji, si kwenye ankara peke yake. Amejibu kwamba kasha hilo litagharimu kuliko taa. Nimemtumia pesa ya kasha.